MPIRA WA SKULI NA DHAMANA YA VIUNGO VYA WATOTO WETU

Twaanza kwa jina lake Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, darsa yetu ya mara hii imetokana na swali tuliloletewa na mzee mmoja, mtu wa pwani aliyehamia huku mpakani kwa ajili ya biashara. Yeye ana duka Malaba, na mwanawe anasoma katika skuli moja ya sekondari huku Angurai.

Swali lenyewe ni hili. Kijana huyo, mwenye umri wa miaka 16, ni mlinda lango wa skuli yake. Katika muhula wa pili wa mwaka uliopita, ambao ndio muhula wa mashindano ya mpira, alijitupa kuuokoa mpira miguuni mwa mshambuliaji, akapigwa goti la panja. Akaanguka, akalala kidogo, kisha akainuka akiyumba. Akamwagiwa maji kichwani. Akaulizwa, "Waweza kuendelea?" Akajibu, "Naweza." Akarudishwa langoni. Kabla ya mchezo kwisha akagongana tena na mwenziwe. Walipokuwa wakirudi garini aliuliza mara tatu, "Tumefungana ngapi?" na kila akijibiwa alisahau. Usiku ule akatapika, asiweze kufungua macho mbele ya taa. Baba yake akaitwa, akamchukua hospitali, akalazwa. Alhamdulillahi, hakufa. Walakini alikaa zaidi ya miezi miwili hawezi kusoma ukurasa mmoja bila ya kuumwa na kichwa.

Sasa amepona, na waganga wamesema amepona. Ataka kurudi uwanjani. Baba yake ameapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mtoto huyo hatacheza tena maisha yake, na zaidi ya hayo ataka wazazi wa Kiislamu wote wa Malaba na Busia waandike barua kwa maskuli kuwatoa watoto wao katika mpira. Mama yake aona mtoto akizuiliwa uwanja ataangukia mahali pabaya zaidi. Wote wawili wamekuja kutuuliza: Je, mpira wa skuli uendelee na hali twaona watoto wetu wanaumia?

Mas'ala haya si ya mzee huyu peke yake. Hakuna mji wa pwani, kuanzia Lamu hata Tanga na Unguja, usiokuwa na kijana anayecheza mpira skuli, wala hakuna mtaa usiokuwa na mtu mzima anayechechemea kwa goti aliloliumiza ujanani. Kwa hivyo tumeona ni wajibu tuyaeleze kwa urefu, kwa dalili, wala si kwa mapenzi ya mchezo wala kwa chuki juu yake.

Asili ya mchezo ni halali

Wanavyuoni wamekubaliana kwamba michezo inayoutia mwili nguvu, isiyokuwa na kamari wala haramu nyingine, asili yake ni halali. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), kama ilivyopokewa na Abu Daud. Aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakilenga mishale, akawahimiza. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina mbele ya macho yake, asiwakataze. Na mikuki, ndugu zetu, ina hatari kuliko mpira. Lau kuwako kwa hatari peke yake kungetosha kuuharamisha mchezo, basi ule ndio ungekuwa wa kwanza kuharamishwa.

Lakini mtu asizisome dalili hizi nusu. Katika Bukhari na Muslim imepokewa na Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi. Farasi waliokwisha kuzoezwa aliwapa masafa marefu, kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa. Na wale ambao hawakuzoezwa aliwapa masafa mafupi, kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Yazingatieni haya. Hakuwakataza wasiozoezwa wasishindane, wala hakuwatia pamoja na waliozoezwa. Kila mmoja alipewa mwendo kwa kadiri ya uwezo wake. Na wale ni wanyama. Je, mwana wa Adamu?

Na huyo huyo Ibn Umar ametueleza habari yake mwenyewe: siku ya vita vya Uhud alijitokeza, naye ana miaka 14, Mtume (S.A.W.) akamrudisha, siku ya Khandaq, naye ana miaka 15, akamkubali. Kijana mwenyewe alikuwa na hamu, na huenda akasema, "Naweza." Lakini neno la kijana juu ya uwezo wake halikuwa ndiyo hukumu. Mkubwa ndiye aliyetazama, akapima, akahukumu. Hapa ndipo ulipo msingi wa jawabu yetu, nasi tutaurudia.

Madhara tusiyadharau

Wako watu wasemao, "Mpira ni mpira tu, na kuumia ni sehemu yake." Maneno haya ni mepesi kwa asiyeumia. Kifundo kikiteguka, au muundi ukivunjika, ni maumivu, lakini mara nyingi hupona vizuri kwa matibabu. Mishipa ya goti ikikatika, kijana huenda akabaki na goti hilo bovu mpaka uzee wake. Na kuna mambo matatu yaliyo mazito zaidi ya hayo.

La kwanza ni kichwa. Ubongo hutikisika ndani ya fuvu ijapokuwa hakuna damu wala jeraha, na ijapokuwa mtu hakuzimia. Alama zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kutapika, kuona vitu viwili viwili, kusahau, na kuuliza neno moja mara nyingi. Na pigo la pili kabla ya lile la kwanza kupona ndilo la kuogopewa sana.

La pili ni moyo. Kuna vijana wenye ila ya moyo wasiyoijua. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, naye ana miaka 28, akafa. Na karibu yetu, mwezi wa Disemba 2016, kijana wa timu ya vijana ya Mbao ya Mwanza alianguka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki. Lakini Christian Eriksen wa Denmark, alipoanguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, alikandamizwa kifua pale pale na kushtuliwa moyo kwa mashine, akaishi, na baadaye akarudi kucheza. Mauti yamo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, naye ndiye aliyejaalia sababu.

La tatu ni radi, na hili latuhusu sana sisi wa huku, kwani nchi hizi za karibu na ziwa zina radi nyingi mno. Mwezi wa Agosti 2020, huko Arua, kaskazini-magharibi ya Uganda, watoto 10 waliuawa na radi. Walikuwa wameuacha mpira wakakimbilia kibanda kujikinga na mvua.

Basi yule baba hana makosa kuogopa. Mwenye kumcheka hana huruma.

Neno "kadari" si la kufunikia uzembe

Tulipokwenda kuuliza habari ya kijana huyu tuliambiwa na mtu mzima, "Sheikh, hiyo ni kadari ya Mungu." Twasema: ndiyo, kila kitu ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu; hiyo ni nguzo katika nguzo za imani yetu. Lakini kuitaja kadari ili mtu asiulizwe alilolifanya, hiyo si imani, ni udhuru wa mvivu. Sayidna Umar (R.A.), alipofika Sargh akiwa njiani kwenda Sham, akaambiwa kwamba tauni imeingia nchi ile, alirudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamweleza kwamba wanatoka katika kadari yake kuingia katika kadari yake vile vile, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye majani na bonde kavu. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga, kisha amtegemee Mungu, aliambiwa amfunge kwanza. Mwenye kuupeleka mtoto uwanjani bila ya kufunga kamba ya ngamia, kisha akasema kadari, hakuifahamu dini yake.

Kisa cha aliyejeruhiwa kichwa

Ndugu zetu, iko hadithi katika Abu Daud, iliyopokewa na Jabir (R.A.), ambayo twaona kama kwamba imekuja kwa ajili ya mas'ala haya. Masahaba walikuwa safarini. Mmoja wao akapigwa na jiwe, akapasuka kichwa. Kisha akaota usiku, ikampasa kuoga. Akawauliza wenziwe: je, aweza kutayamamu? Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika mno, akawahesabu wao kuwa ndio waliomuua, akawaeleza kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Wale hawakumpiga jiwe. Wala hawakumtakia shari. Walidhani wanahifadhi sharia. Kosa lao ni kumhukumia mgonjwa wa kichwa bila ya ujuzi. Je, yule anayemwagia kijana maji, akamuuliza, "Waweza?" kisha akamrudisha langoni, amefanya jambo gani lisilokuwa hilo? Na wale walikuwa na udhuru wa kudhani wanalinda ibada. Huyu alikuwa akilinda bao moja.

Tazameni jinsi watu wa dunia walivyofika hapo kwa njia ya msiba. Marekani wana mpira wao mwingine, wa kubebwa mikononi na kuangushana. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington, mtoto wa miaka 13 aligonga kichwa katika mchezo wa skuli, akapumzishwa kidogo, akarudishwa kucheza, akaanguka na kubaki na ulemavu mkubwa. Mwaka 2009 jimbo lile likapitisha sheria: kijana akishukiwa tu kuwa ametikisika ubongo, atolewe siku ile ile, asirudi ila kwa idhini ya maandishi ya mganga. Haikupita muda majimbo yote 50 yakawa na sheria ya namna hiyo. Na Uingereza mwaka 2023 walitoa mwongozo kwa michezo ya kawaida kwamba aliyetikisika ubongo asirudi mashindanoni kabla ya siku 21. Sisi tulikuwa na kisa cha Jabir zaidi ya miaka 1,300 kabla ya hayo. Lakini kitabu kilichofungwa hakimkingi mtu.

Ni nani mwenye dhamana?

Wanafunzi wetu waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi watakumbuka mas'ala aliyoyataja katika mlango wa diya: mtoto akikabidhiwa mwalimu wa kuogelea ili amfundishe, kisha akazama, diya yake yapasa. Wafasiri wakaeleza sababu: mwalimu ndiye aliyetakiwa kumwangalia, na kuzama kwake kwahesabiwa ni uzembe wa mwalimu. Ama mtu mzima aliyejikabidhi mwenyewe, hukumu yake ni nyingine, kwa kuwa yeye ajitazamie nafsi yake.

Angalieni hekima ya wanavyuoni wetu. Hawakusema kwamba kuogelea ni haramu kwa kuwa watoto huzama. Wala hawakusema, "Amezama, basi, ni kadari." Walimwacha mtoto ajifunze kuogelea, wakamfunga mwalimu kwa dhamana. Twasema kwamba mpira wa skuli unafanana na kuogelea huko: mchezo wabaki, na dhamana imshike mwenye kuusimamia. Na katika hadithi nyingine, iliyomo katika Abu Daud na wengineo, mwenye kujifanya tabibu bila ya kujulikana kwa utabibu ana dhamana ya alichokiharibu. Hadithi hii yawaangukia wale wanaolivuta goti lililovimba pale uwanjani, na wale wanaoukanda mfupa uliovunjika badala ya kuutia banzi na kumpeleka mtoto hospitali.

Hatusemi kwamba kila ajali ya uwanjani yadai diya. Hilo lina masharti yake, na mahali pake ni kwa kadhi na mahakama. Wala hatusemi kwamba walimu wa michezo ni watu waovu. Wengi wao hufanya kazi hiyo baada ya saa za masomo, na mara nyingine hununua maji ya watoto kwa fedha za mifuko yao. Twasema kwamba aliyeichukua amana ataulizwa juu yake, na kwamba mzazi naye ataulizwa: alimpeleka mtoto wake wapi, na aliwauliza nini aliowakabidhi?

Hirizi ipo, bendeji hakuna

Hapa hatuna budi kusema neno chungu. Katika miji yetu, pwani na bara, ziko timu zinazochanga fedha kumlipa mganga awafanyie "ufundi": kufukia kitu langoni, kuvaa hirizi kiunoni, kuingia uwanjani kinyumenyume. Na Waislamu wamo, tena baadhi ya waganga hao hujiita masheikh. Kijana akiumia, hutafutwa aliyemroga, wala halitafutwi shimo alilokanyaga.

Mtume (S.A.W.) amekemea vikali kutundika mahirizi, akayahesabu katika shirki. Zaidi ya dhambi hiyo kuna aibu ya akili. Fedha za mganga mmoja zingetosha kununua bendeji, pamba, dawa ya kusafishia majeraha, na vikingio vya miundi vya wachezaji. Tumeziona timu zenye hirizi kumi na moja, hazina sanduku moja la dawa.

Kuondoa, au kutengeneza?

Mzee wetu ametutolea kanuni ya kifiqhi: kuondoa ufisadi hutangulia kuleta maslaha. Kanuni hiyo ni sahihi, nasi twaikubali. Lakini wenye kuiweka hawakuiacha bila mipaka. Hupimwa: madhara ni makubwa au madogo, ni ya mara nyingi au ya nadra, na je, yaweza kuondolewa bila ya kuliondoa jambo zima? Lau tungeitumia kanuni hii kama anavyoitumia mzee wetu, basi tungewakataza watu kupanda bodaboda kutoka Malaba kwenda Busia, tukawakataza wavuvi bahari, na wakwezi minazi.

Madhara ya kichwa yanayotokana na kumrudisha aliyeumia hayatokani na mpira; yatokana na kumrudisha. Ukimwacha nje, yameondoka, na mpira umebaki. Radi haitokani na mpira. Yatokana na kutotoka uwanjani mawingu yanapofunga. Haya yatengenezeka.

Mfano wake ulitokea Marekani mwaka 1905. Katika mpira wao ule vijana zaidi ya 15 walikufa katika msimu mmoja, na watu wengi wakataka ufutwe. Rais wao, Theodore Roosevelt, aliwaita wakubwa wa vyuo mashuhuri akawataka wausafishe. Mwaka 1906 sheria zikabadilishwa ili kupunguza kule kurundikana na kukanyagana. Hawakumaliza hatari zote, na mpaka leo wanabishana juu ya vichwa vya vijana wao. Lakini walitufundisha kwamba mchezo ni kazi ya watu, na sheria zake hugeuzwa na watu.

Kisha tuupime upande wa pili. Mtoto akiondolewa uwanjani saa kumi alasiri, atakwenda wapi? Malaba ni mji wa mpaka. Malori hulala njiani, fedha hupita mikononi mwa wageni, bangi na chang'aa hazitafutwi mbali, na kamari sasa imo ndani ya simu. Kijana aliyechoka kwa mpira, akarudi nyumbani akaoga, akasali magharibi akalala, si sawa na kijana aliyeshinda kibarazani pa wacheza kamari. Na serikali ya Kenya, katika mtaala mpya, imeifanya sanaa na michezo kuwa moja ya njia tatu za masomo ya sekondari ya juu. Tukiwatoa watoto wetu, mpira hautakoma. Utaendelea bila yao, na bila ya sauti yetu ya kudai utengenezwe.

Masharti tunayoyaona ni wajibu

Kwa hivyo jawabu yetu ni hii: mpira wa skuli uendelee, kwa masharti. Na mahali ambapo masharti hayakutimizwa, mzazi ana haki, bali ni wajibu wake, kumzuia mtoto wake siku ile mpaka yatimizwe.

La kwanza: aliyepigwa kichwa, ikionekana alama moja tu katika zile tulizozitaja, atoke, asirudi siku ile hata akilia, wala asirudi baadaye ila kwa neno la mganga. Masomo yatangulie kurudi, na mpira ufuate. Asiulizwe, "Waweza?" Kijana wa miaka 16 mbele ya wenziwe hajibu ila neno moja.

La pili: asiwekwe mdogo dhaifu kupambana na mkubwa aliyekomaa, wala asiyefanya mazoezi asiingizwe mashindanoni kwa sababu timu imepungukiwa. Hiyo ndiyo sunna ya farasi wa Madina.

La tatu: uwanja ukaguliwe kabla ya mchezo. Mawe yaokotwe, mashimo yafukiwe, na milingoti ya lango ikazwe isiweze kumwangukia mtoto.

La nne: asiyekuwa na vikingio vya miundi asiingie. Hili si letu, limo katika sheria ya 4 ya mpira wenyewe. Na sheria ya 5 yampa mwamuzi amri ya kuusimamisha mchezo mchezaji akiumia vibaya. Tunadai tu kwamba waufuate mchezo wao.

La tano: kabla ya kucheza wapashe miili moto kwa mpango. Ule mpango wa dakika 20 uliotolewa na FIFA ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hata 17; matokeo yalitangazwa mwaka 2008, na walioufuata waliumia kwa uchache wa karibu theluthi moja. Hautaki fedha, wataka kudumu nao.

La sita: ngurumo ikisikika, wote watoke, waingie jengo imara la skuli au ndani ya gari, wala si chini ya mti wala kibandani, wasirudi mpaka ngurumo zimekoma kwa nusu saa.

La saba: awepo mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza na kukandamiza kifua, liwepo sanduku la dawa, na ijulikane kabla ya filimbi ni gari gani litakalompeleka majeruhi hospitali. Kutafuta gari baada ya mtoto kuanguka ni kuchelewa.

La nane: mchezo usiwapotezee sala wala usiingie katika saa ya Ijumaa, wala usiwekewe kamari, na mavazi yawe ya stara. Haya yana darsa zake, nasi hatutayarefusha hapa.

Neno kwa baba, kwa mama na kwa kijana

Kwa baba twasema: hofu yako ni ya huruma, na Mwenyezi Mungu akulipe kwayo. Umeapa, lakini mwenye kuapa kisha akaona lililo bora zaidi, amefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) afanye lililo bora na atoe kafara ya yamini yake. Kafara hiyo imeelezwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyepata, afunge siku tatu. Usiifanye yamini yako kuwa kizuizi cha kheri. Na ile barua uliyotaka kuiandika kuwatoa watoto, iandike, lakini iandikwe kudai masharti haya manane, nasi tutatia sahihi pamoja nawe. Mzazi mmoja akidai huitwa mgomvi. Wazazi ishirini wakidai huitwa kamati.

Kwa mama twasema: umeona sawa, lakini usimruhusu arudi kwa kuwa amelia. Arudi kwa kuwa mganga amemruhusu, na skuli imekubali masharti. Skuli isipokubali, basi baba ameshinda hoja kwa skuli hiyo.

Na kwako, mwanetu: mwili huo si mali yako, ni amana uliyopewa. Ukipigwa kichwa ukaficha maumivu ili usitolewe, hukuwa shujaa. Umeifanyia khiana amana. Na ukimwona mwenzio anayumba, hata akiwa wa timu ya pili, inua mkono uite mwamuzi. Bao litasahauliwa kabla ya muhula kwisha.

Twamalizia kwa kuwakumbusha ndugu zetu wa pwani kwamba swali hili limetoka Angurai, lakini viwanja vyenu navyo vina mawe. Mzazi atakayesoma haya, Ijumaa hii baada ya sala awaulize wenziwe wenye watoto skuli: ni nani kati yetu aliyekwisha kwenda kuutazama uwanja wanaochezea watoto wetu? Ikiwa hayupo, basi waende pamoja kabla ya Ijumaa ya pili.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape waalimu wao macho ya kuona na nyoyo za kuhurumia, na atujaalie sisi kuwa wenye kuuliza kabla ya kuangamiza. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.